Vitabu Visivyorudi Vitupu

Kamati ya Meza ya Vitabu inawatangazia wakazi wa Mji wa Kale na jirani zao wa Makadara kwamba, kuanzia Jumamosi hii, meza ya vitabu vya bure itahamishwa kutoka kuliani mwa mlango wa ukumbi na kuwekwa kushotoni. Sababu ni viatu. Wote wanaombwa kuyapokea mabadiliko haya kwa utulivu.

Tangazo lilibandikwa mlangoni na kusomwa na kila mtu isipokuwa Huzaifa. Jumamosi hiyo aliingia akitoka katika zogo la Makadara, akageukia kulia kwa mazoea, akainama kwa heshima zote kuchagua baina ya ndara na makubadhi.

"Hivyo havisomeki," ilisema sauti nyuma yake. "Labda nyayo."

Alikuwa Maisara, mwalimu wa chekechea kule Tononoka, amebeba vitabu hadi kidevuni. Buibui lake lilitariziwa uzi wa zambarau mikononi. Jua la asubuhi lilikuwa likipita katika vioo vya rangi juu ya mlango, likamwagia bega lake kijani na nyekundu. Huzaifa alikuwa karani wa bandarini. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba vilivyomo makashani ndivyo vilivyoandikwa nje. Asubuhi ile hakuweza kuthibitisha chochote.

Vitabu vilikuwa vya marehemu babake Maisara. Mamake, Bi Mwanakuu, alitaka rafu ziondoke chumbani kwa sababu ya vumbi. Maisara alikubali kuvigawa, ila hakutaka viende kwa watu wa kufunua na kufunika. Alitaka msomaji, angalau mmoja.

Huzaifa alichagua kitabu kinene cha nyota kilichovunjika mgongo. Hakuwa na cha kubadilishana.

"Ni bure," alisema Maisara.

"Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu."

"Hiki si chombo. Wala hakirudi. Ndiyo maana ya kugawa."

"Tutaona," alisema Huzaifa.

Katika nyumba zile, sahani ya jirani iliyoletwa na chakula hurudishwa na kitu, hata kama ni gao la sukari. Ikirudi tupu, mwenyewe huelewa kwamba ujirani umefika kikomo na asijisumbue kuleta nyingine. Hakuna aliyewahi kuitumia sheria hii kwa vitabu. Huzaifa aliitumia. Wiki iliyofuata kitabu cha nyota kilirudi, kimesomwa, na katikati yake mmelala kikuba cha asumini. Alichukua kingine, kikarudi na vipande vya udi katika karatasi. Cha tatu kilirudi na ubani. Maisara alirudi nacho nyumbani kila mara, kwani hakuwa radhi kumpa mtu mwingine harufu ile. Rafu zilibaki zimejaa. Bi Mwanakuu alinusa hewa ya chumba, akamuuliza bintiye, "Mwanangu, vitabu hivi wavigawa au wavifukiza?"

Jioni simu ilikuwa ikilia. Maisara aliipokea akiwa amejilaza karibu na dirisha la mbao, taa imezimwa, huku kelele za mji zikipanda kwake zikiwa zimelainika kama zinapita ndani ya maji.

"Umefika wapi?"

"Ukurasa ule ule wa jana."

"Wasoma polepole, karani."

"Nikimaliza, nitakupigia kwa sababu gani?"

"Sema wauliza habari za vumbi."

"Basi habari za vumbi, mpenzi?"

"Lipo," alisema Maisara. "Lakusalimu."

Hali hiyo ingeweza kuendelea hadi rafu zioze. Lakini Jumamosi moja Huzaifa alifika ukumbini amevaa kanzu iliyopigwa pasi hadi ikasimama wima, ananukia atari, na mikononi ana vitabu vyote vilivyokuwa vimesalia kwake, vimefungwa katika leso mpya. Hakuketi. Alisema kwamba vimetimia na kwamba kwa sasa hachukui kingine, akaondoka kwa haraka isiyokuwa desturi yake.

Maisara alivifungua kimoja kimoja. Alivikung'uta. Hapakuanguka hata ua. Mwanamke yeyote aliyelelewa baina ya kuta zile angeelewa.

Nyumbani alikuta halwa mezani. Hakuuliza imetoka wapi. Aliila akilia, bila kuionja.

Jioni simu ililia.

"Mama hajambo?" aliuliza Huzaifa, na sauti yake ilikuwa nzito.

"Hajambo. Vitabu nimevipokea. Nimeelewa."

"Umeelewa? Na waonaje?"

"Naona umefanya uliloliona la heri."

"Alhamdulillahi. Basi na tusubiri."

Maisara hakuona cha kusubiri. Alifunga namba ile isimfikie tena. Huzaifa alipokuta simu haiingii, alidhani ni haya ya mwanamwali, akamstahi zaidi. Hakufika tena mezani, kwani aliona si adabu. Wiki zikapita. Maisara alianza kugawa vitabu kwa yeyote aliyenyoosha mkono.

Siku moja Bi Mwanakuu alimkabidhi bakuli la kauri lenye ukingo wa samawati.

"Lipeleke kwa Bi Ummukulthum, Makadara. Na lisende tupu."

"Ndiye nani?"

"Mamake yule karani wako. Si ndiye aliyeleta halwa alipokuja kukuposa?"

Maisara aliketi juu ya rundo la vitabu. "Lini?"

"Jumamosi ile uliyorudi umenuna. Nalikuwa nangoja jibu la amu yako wa Lamu, naye si mtu wa haraka. Leo amejibu kwamba mwenye kuulizwa ni wewe. Sasa nakuuliza."

Maisara alilitazama bakuli. Kilichokosekana vitabuni kilikuwa kimepita njia ya adabu zaidi, naye alikuwa amekila.

"Niachie bakuli, mama," alisema.

Kitabu cha nyota kilikuwa bado hakijapata mtu. Alikilaza ndani ya bakuli, akavua asumini nyweleni mwake na kukifunika.

Huzaifa alifungua mlango akiwa na kikoi na fulana. Alilipokea bakuli.

"Nilidhani umevirudisha vitupu," alisema Maisara.

"Mamangu alitoka na halwa nzima."

"Niliila sikujua ni nini. Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, na wazee hawajajibu? Nawe ulisema umeelewa." Aligusa jalada. "Hili ndilo jibu?"

"Jibu ni bakuli. Kitabu utakirudisha."

"Kwenu?"

"Hapa hapa. Nitakuwapo."

Ndani, Bi Ummukulthum alikohoa kwa namna ya mtu aliyesikia yote.

Bi Mwanakuu aliridhia ndoa kwa sharti moja, kwamba bintiye aondoke na rafu zote. Chumba cha Huzaifa hakikutosha hata nusu yazo. Bwana harusi aliiandikia kamati, akiomba kwa unyenyekevu ipokee vitabu vya ziada. Kamati ilikutana chini ya mwenyekiti wake, Bwana Khubaib, ikatafakari kwa kina, na ikaamua kwa kauli moja kwamba meza irudishwe kuliani mwa mlango.