Nyongeza Juu ya Nini?

Wenzangu mnaofuga, na nyinyi mnaowaza kufuga, tulieni niwaeleze yaliyotokea nyumba ya jirani yangu. Ukuta wetu ni mmoja, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Asubuhi za ua ule zilikuwa njema. Mke alikaa barazani na cherehani yake, binti yao mchanga kalala kwenye mkeka karibu na miguu yake, na kando ya ukuta mabanda ya sungura yakinukia majani mabichi. Kulikuwa na sungura jike mmoja, mweupe, waliyemwita Bibi Harusi. Kila alipokaribia kuzaa alijing'oa manyoya ya kifuani akawatandikia wanawe. Mke alikuwa akisimamisha cherehani ili amtazame.

"Mwenzangu huyu," aliniambia siku moja. "Naye anajinyima kwa ajili ya wanawe."

Mume tulimwita Upesi, na jina hilo alilipata kihalali. Ni fundi viatu anayekurudishia kiatu gundi haijakauka. Mwenye hoteli alipomwahidi kununua sungura wote atakaoweza kumpelekea, usingizi ulimruka. Akaanza kumchunguza Bibi Harusi, ambaye alikuwa na watoto wachanga wakati huo. Alikaa bandani kutwa nzima asimwone akinyonyesha. Sungura hunyonyesha kwa muda mfupi sana, mara nyingi alfajiri, wakati hakuna anayemtazama. Lakini Upesi hakumwuliza mtu.

"Mama gani huyu?" akasema. "Kazi yake kula tu. Nawatoa hawa watoto, apandishwe tena."

"Macho yao yamefunguka juzi tu, baba," mkewe akamwambia. "Hata jani hawajui kulitafuna."

"Kuna dawa."

Nilikuwepo dukani alipokwenda kuitafuta. Mama anayeuza vyakula vya mifugo alimpa kopo la unga wa maziwa uliochanganywa na majani ya dawa yaliyokaushwa na kusagwa.

"Hii ni nyongeza," akamweleza. "Wanyonye kwanza kwa mama yao, halafu uwape kidogo. Si bado wananyonya?"

"Wananyonya," Upesi akajibu, bila hata kupepesa macho.

Mimi nilidhani anasema kweli. Kumbe asubuhi ile ile alikuwa amekwisha kuwatenga.

Haukupita muda akaniita nije nione vitambi vya wale watoto wa sungura. "Wamenona, jirani."

"Wamevimba," mkewe alisema, bila kuinua uso kutoka kwenye cherehani.

Kesho yake wawili walikutwa wamekakamaa pembeni ya banda. Upesi akazidisha dawa, waliobaki wakaanza kuhara. Akapunguza maji, wakalegea. Waliendelea kufa mmoja mmoja, na kwenye banda la pili Bibi Harusi, ambaye alikuwa amebeba mimba nyingine, alizidi kujing'oa manyoya mpaka ngozi ikaonekana. Nilimwona nikalia. Ndiyo, nilimlilia sungura, cheka ukitaka.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Siku moja mke aliitwa shuleni kuwapima wanafunzi sare. Alikamua maziwa yake, akayafunika kikombeni.

"Mtoto akiamka mpe haya kwa kijiko," akamwambia mumewe. "Usimpe kitu kingine."

"Wewe nenda. Kwani mimi si baba yake?"

Aliporudi jioni nilisikia sauti yake ukutani: "Jirani, njoo." Nikaenda mbio. Mtoto alikuwa mikononi mwake, shingo haina nguvu, macho yameingia ndani, nepi imelowa maji ya kijani. Kikombe kilikuwa kitupu, nacho kilikuwa ndani ya banda la sungura.

"Maziwa yangu yako wapi?" aliuliza.

"Niliwapa hawa waliobaki," Upesi akasema. "Walikuwa wanakufa, mke wangu. Nikaona maziwa ya mama yatawaokoa."

"Na mwanangu je?"

"Nilimpa ya kopo. Si maziwa tu na majani?"

Mke alivuta kanga. Alimfunga mtoto kifuani tukatoka, Upesi nyuma yetu.

Hospitalini, daktari aliuliza mtoto amekula nini. Upesi alijikaza akasema ni nyongeza tu.

"Nyongeza juu ya nini?" daktari akauliza.

Upesi aliinamia viatu vyake.

Mtoto alitundikiwa maji. Tulikaa tukimtazama kifua, kama kinapanda, kama kinashuka. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini siku zile zote hakuna aliyekumbuka mabanda. Niliporudi niliwakuta wale watoto wa mwisho wamekufa, na Bibi Harusi naye amekufa juu ya tandiko la manyoya yake mwenyewe.

Mke alitoka hospitali akaenda moja kwa moja kwa wazazi wake. Alinituma mimi nimchukulie cherehani. Upesi alinisaidia kuibeba mpaka mlangoni.

"Atarudi lini?" aliniuliza.

"Hakusema."

"Mwambie nitabadilika. Mwambie nitabadilika upesi."

Kisha akasikia alichokisema, akaketi kizingitini. Mpaka leo ua ule uko kimya.

FUNZO

Nyongeza huongezwa juu ya kitu kilichopo. Mtoto wa sungura mwache kwa mama yake mpaka awe anakula majani mwenyewe na tumbo limezoea. Ikiwa mama amekufa, nenda kwa anayejua, na umwambie kweli, kwa sababu hata ushauri mzuri hauwezi kumsaidia mwongo. Dawa ya mfugo isiguse kinywa cha mtoto. Na wewe baba, maziwa aliyokuachia mkeo yana mwenyewe. Usimnyang'anye mwanao kwa sababu hajui kusema.

Na ukisikia haraka ya namna hii kwa jirani, gonga ukuta.