Harufu ya Shangazi

Jumamosi ile soko lilifurika watu mpaka nje. Wauzaji walipaza sauti, wanunuzi walisukumana, na kwenye kijinafasi alichopewa kwa huruma mbele ya bucha, msichana mmoja alisimama ameshika mbwa wawili wanaotafutiwa makao, ambao kila apitaye aliwacheka.

Walikuwa baseti, mbwa wenye mwili mrefu kama benchi, miguu mifupi kama ya kuazima, masikio ya kuburuta chini, na macho mekundu yaliyolegea kama ya mtu aliyetoka kuzika. Hawa wawili walikuwa ndugu, dume na jike. Walikuwa wameokolewa kwenye ua wa mtu aliyewafungia vibandani miaka yote, akiuza watoto wao. Daktari wa kituo cha kuokoa mbwa ndiye aliyewapa majina: dume Mjomba, jike Shangazi. Alisema nyuso zao ni za ndugu waliohudhuria harusi wasiyoitaka.

Msichana aliyewashika ndiye aliyewalea. Kituoni walimwita Mlezi. Siku hiyo alivaa sketi ndefu ya kijivu na raba nyeusi za kazini, nywele kazisuka mistari miwili, na macho yake yalikuwa ya mtu anayetazama sana kabla hajasema.

Ghafla Mjomba akaivuta kamba.

"Dada! Dada we! Mbwa wako ananila!"

"Hakuli kaka, anakunusa."

"Ananinusa mpaka huko? Mwambie ana mipaka!"

Kijana alikuwa mrefu, ovaroli ya bluu imepauka magotini, begi la vifaa begani. Mikono yote miwili kaiinua juu kama anayekamatwa, na Mjomba pua imezama kwenye suruali yake.

"Amenipenda," kijana akasema.

"Ameipenda ovaroli. Inanuka nyama."

"Basi nimeumbuka. Natoka kutengeneza friza la bucha." Akashusha mikono, akainama kumkuna Mjomba kichwani. "Na wewe je, unaona inanuka nini?"

"Mimi sinusi nguo za watu."

Mwenye bucha alicheka nusura adondoshe kisu. Mlezi aligeuza uso pembeni, lakini tabasamu lilikuwa limeshamtoroka.

Fundi friji hakuondoka. Aliuliza mbwa hawa wanakula nini, wanalala wapi, kwa nini wana huzuni hivi. Mlezi alimjibu neno kwa neno. Alipomweleza kwamba Mjomba alipofika kituoni hakujua nyasi ni nini, akiogopa kuzikanyaga, fundi alibaki anachezea sikio la mbwa kati ya vidole vyake.

"Nina kiua," akasema mwishowe. "Nyasi zake si nyingi, ila zipo."

Daktari alikwenda kukikagua kiua hicho, akakikubali. Alitaka ndugu waende pamoja, lakini Shangazi alikuwa anaoza masikio, dawa asubuhi na jioni. Basi wakakubaliana: Mjomba atangulie, Shangazi akipona amfuate.

"Sheria unaijua, fundi?" Daktari alimwuliza siku ya kumchukua. "Mbwa akishapata kwao, mlezi wake haonekani mpaka azoee. Akimwona anaanza upya kusubiri. Na huyu ni mbwa wa pua. Ananusa nyayo za jana kama wewe unavyosoma bango."

"Hata simu hapigi?"

"Simu haina harufu," Daktari akasema, akamtupia Mlezi jicho.

Ndipo zikaanza simu. Kila saa ya chakula cha mchana Mlezi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya mabanda, simu sikioni.

"Amekula?"

"Kala nusu. Hiyo nusu nyingine ananiangalia kama nimemtukana."

"Mwache. Usimbembeleze."

"Na mimi nisipokula, nani atanibembeleza?"

"Fundi!"

"Naam, Bi Masikio."

"Mimi Bi Masikio? Nina masikio makubwa?"

"Nimekaa nayaona kila nikifumba macho. Madogo, mazuri, yana hereni za bluu. Leo kapiga chafya lakini."

"Nani?"

"Mjomba."

"Mara moja au amerudia?"

"Sikumbuki mpenzi, nilikuwa nakuwaza."

Neno hilo, mpenzi, alilipenyeza hivyo hivyo kama asiyejua kalisema. Mlezi aliagana naye haraka, akabaki kwenye ndoo yake, simu bado iko sikioni. Mama yake, aliyekuwa mshonaji, alikuwa amesema mara nyingi akiwa amebana sindano midomoni: "Mwanangu ananuka mbwa toka unyweleni mpaka kisiginoni. Nani atamwoa?" Sasa yupo mtu aliyenuka nyama, na hakujali.

Mjomba akaanza kula bakuli zima. Akaanza kulala miguuni pa fundi. Siku moja alikanyaga nyasi, akajigaragaza, na fundi alipiga simu akicheka mpaka akashindwa kusema.

"Njoo basi," akamwambia siku hiyo. "Jumapili. Njoo unione mimi. Mjomba tutamwambia wewe ni mgeni wangu."

"Daktari hajaruhusu."

"Nimechoka kumpenda mtu aliye ndani ya simu, kipenzi."

Mlezi alijua sheria kuliko yeyote. Aliwahi kuwafukuza wenzake wawili getini pa watu kwa kuivunja. Lakini Jumapili hiyo, baada ya kumsafisha Shangazi masikio na kumfungia, alikwenda nyumbani, akaoga mara mbili kwa sabuni isiyo na manukato, akavaa gauni la kijani aliloshonewa na mama yake, lililobana kiunoni na kufunguka chini. Alibadilisha kila kitu. Mlangoni, kamba ya kiatu chake kizuri ikakatika.

"Vaa raba zako," mama akasema. "Gauni refu, nani atakuangalia miguu?"

Akavaa raba zake nyeusi, akaondoka roho juu.

Chumba cha fundi kilikuwa safi kuliko alivyotarajia. Friji bovu lililosimama pembeni lilikuwa kabati la nguo. Alipofungua mlango wake, mashati yalikuwa yametundikwa kwa mpangilio. Walicheka. Walikunywa chai. Mjomba alikuja akiyumba kwa miguu yake ya kuazima, lakini hakumrukia Mlezi wala hakumlamba mikono. Alishuka moja kwa moja kwenye raba, akazinusa, akalia kwa sauti ndogo, akazinusa tena. Hakuziacha.

"Mwone! Anakubusu miguu kabla yangu," fundi akasema.

"Amenikumbuka, masikini."

Mlezi alimpapasa mgongo, akafurahi. Alifurahi kwamba hajasahauliwa.

Jua lilikuwa bado kali alipoaga. Fundi alisimama getini akilitazama gauni la kijani likipungua mwishoni mwa mtaa, kisha akausukuma mlango wa geti kwa mguu, akaingia ndani akiimba. Na Mlezi naye akili hazikuwa zake. Alipofika barabara kuu hakutembea mpaka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Alikatiza katikati ya magari kama mtoto, akicheka peke yake.

Simu ilimkuta anaingia kwao.

"Umeshanikumbuka?" akaanza.

Upande wa pili kulikuwa na honi na sauti za watu.

"Mlezi." Hajawahi kumwita hivyo. "Mjomba katoka. Kagongwa na lori hapa barabarani, pale... si kwenye kivuko, pale kwenye duka la matairi. Watu wanasema alikuwa kainamisha pua chini, hakuinua kichwa hata honi ilipolia. Kafa, Mlezi. Geti sikulifunga. Ni mimi. Nimemuua."

Mlezi alitazama chini, akainua mguu. Kwenye soli ya raba yake manyoya ya kahawia ya Shangazi yalikuwa yamegandamana na dawa ya masikio. Duka la matairi. Pale pale alipokatiza, hatua kwa hatua. Mjomba hakuwa amembusu miguu. Alikuwa amempata dada yake, na alikwenda kumfuata.

Akaketi pale pale mlangoni.

"Sema kitu," fundi akamwomba. "Nitukane basi."

Mwishowe fundi akakata simu.

Kesho yake fundi alipiga, hakupokea. Alipiga tena na tena. Akatuma ujumbe: *Nisamehe. Najua huwezi kunitazama.* Mlezi aliusoma nyuma ya mabanda, kidole juu ya simu, mpaka kioo kikazimika. Kumjibu ilikuwa ni kumwambia. Kumwambia ilikuwa ni kumpoteza. Basi akamwacha mtu anayempenda abebe maiti isiyo yake, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu. Mwisho simu zikakoma.

Shangazi masikio yalipona, lakini hakula. Alilala mdomo ukitazama mlango wa banda. Familia moja ilimchukua ikamrudisha, ikasema anatisha watoto kwa kulia.

"Huyu anakwenda," Daktari akasema akimpapasa mbavu. "Na wewe je, unakwenda naye? Umekonda. Kwani kule kwa fundi kulitokea nini?"

"Mbwa aligongwa, Daktari. Si unajua."

"Hilo najua."

Akarudi ofisini kwake. Ila friji la dawa lilipokufa, Daktari aliita fundi, na hakumwambia Mlezi ni yupi.

Aliingia na ovaroli ile ile, begi lile lile. Amepungua. Alimwona Mlezi na ndoo mkononi, akatikisa kichwa kidogo kama unavyomsalimu mtu kwenye foleni, akapiga magoti nyuma ya friji.

Ndipo Shangazi, ambaye hakuwa ameinuka toka jana, akainuka. Alitoka bandani akiyumba, akafika kwenye begi la vifaa, akatia pua. Mjomba alikuwa amelilalia begi hilo kila jioni. Shangazi akalala juu yake, masikio yamemwagika pande zote mbili.

Bisibisi ilisimama mkononi mwa fundi.

"Mwondoe," akasema polepole. "Tafadhali. Mimi si mtu wa kuaminiwa mbwa."

Mlezi aliweka ndoo chini.

"Geti halikumuua," akasema. "Ni viatu vyangu."

"Nini?"

"Nilibadili kila kitu, viatu sikubadili. Asubuhi ile nilikuwa navyo kwa Shangazi. Mjomba alifuata nyayo zangu. Pale kwenye duka la matairi ndipo nilipokatiza mimi. Angefungua hata komeo kwa meno."

Fundi alibaki amepiga magoti.

"Ulijua lini?"

"Ulipokuwa bado hujakata simu."

"Na nikapiga. Nikapiga, nikapiga. Nimeng'oa lile geti, unajua? Nimeweka la chuma. Nalifunga, naamka kuliangalia, hakuna cha kutoka humo ndani, nalifunga tena. Umeniacha hivyo?"

"Nimekuacha hivyo."

"Kwa nini?"

"Niliogopa ungeacha kunipiga simu."

Fundi alicheka kicheko kibaya, kifupi. Akageukia friji. Alikaza skrubu zote, akawasha, akasikiliza mpaka mashine ikanguruma. Kisha alilivuta begi taratibu chini ya Shangazi, akatoka bila kuaga. Shangazi alimfuata mpaka getini, geti likafungwa, akakaa pale, akaanza kulia ile sauti ndefu iliyowatisha watoto wa watu.

Mlezi alikaa kwenye ndoo yake. Simu ikalia.

"Nipo nje ya geti," fundi akasema. "Nina hasira na wewe."

"Najua."

"Itakaa sana hasira hii."

"Najua."

"Nimeshindwa kuondoka, huyu bibi analia." Alisikika akishusha begi. "Nikimchukua, sheria inasemaje?"

"Nisionekane mpaka azoee."

"Kwa sababu ukija ukaondoka, anakufuata."

"Ndiyo."

"Na ukija usiondoke?"

Kule getini Shangazi alikuwa amenyamaza, pua yake imeingia kwenye upenyo wa chini.

"Fundi, unaniuliza nini?"

"Umenisikia. Nitakuja kwa mama yako, nitasema kama watu wanavyosema. Usije kututembelea, Bi Masikio. Njoo ukae."

Mlezi alivua raba, akaziacha kando ya ndoo, akavaa ndala za Daktari bila kuomba. Daktari alikuwa dirishani. Aligeuza uso kama asiyeona.

"Sijasema ndiyo," alisema alipofungua geti.

"Nimesikia. Tembea."

Walitembea watatu, kamba ya Shangazi mkononi mwa fundi, hawajagusana. Barabara kuu walivuka kwenye kivuko, wakarudi kwa upande ule mwingine, wakapita mbele ya duka la matairi. Hapo Shangazi akashusha pua kwenye ukingo wa lami, akasimama. Mvua zilikuwa zimenyesha, huenda hakukuwa na kitu cha kunusa. Lakini hakusogea. Watu waliwapita wakicheka masikio yake, mtu mmoja akawapigia honi.

Fundi hakuivuta kamba. Mlezi akachuchumaa kando ya Shangazi, na baada ya muda fundi naye akachuchumaa, akamshika mkono, akaubana kwa nguvu ya kuumiza. Wakasubiri hapo mpaka Shangazi alipoinua kichwa mwenyewe.