Ada ya Binti Haingoji Talaka

Asubuhi ya Jumanne mshonaji alikuwa kibandani kwake, anatia zipu kwenye sketi. Mara binti yake akaingia, begi mgongoni, macho mekundu.

"Mbona umerudi saa hizi?"

"Nimetolewa darasani, mama. Ada. Mwalimu amesoma majina mbele ya wote."

Damu ilimchemka mshonaji. Ada ya muhula huu ilikuwa zamu ya baba. Lakini mume alikuwa amehama, na kesi ya talaka iko mahakamani. Sasa waligombea kila kitu: nyumba, kiwanja, mpaka jokofu.

Akampigia simu mumewe, fundi wa magari.

"Ada umelipa?"

"Kubali kwanza tuuze nyumba. Ukisaini, nami nalipa."

"Kwani mtoto nilikuja naye kutoka kwetu?"

"Mwambie wakili wako amlipie!" Simu ikakatwa.

"Basi yeye hamwoni tena mtoto huyu!" mshonaji alifoka. "Nenda kamwambie baba yako hivyo hivyo!"

Binti alitupa begi chini. "Siendi! Jana yeye kanituma nikwambie usaini. Leo wewe unanituma. Mimi ni mwanenu au ni tarishi wenu?"

Mshonaji aliinama akaliokota begi.

Mwenye sketi alikuwa amekaa pale pale, akiingoja. Alikuwa msaidizi wa sheria, na mtaani walimwita Bi Miwani.

"Dada, una haki ya kukasirika," alisema. "Lakini mmechanganya mambo mawili. Nyumba ni mali yenu, gombaneni. Ada ni haki ya mtoto. Msiiweke rehani."

"Si yeye ndiye anayekataa?"

"Yeye anakosea. Na wewe ukimzuia kumwona mtoto, unakosea vilevile. Nenda shuleni. Omba barua inayoonyesha ada inayodaiwa, na uombe muda. Kisha tumwite mwenzako ofisini kwetu. Akikataa, unaweza kuiomba mahakama itoe amri ya muda, ada ilipwe huku kesi ikiendelea."

Mwalimu mkuu alitoa barua na muda wa wiki moja wa kulipa, ila binti angoje nyumbani mpaka ada ilipwe.

Alhamisi fundi aliitikia wito, akafika ofisini kwa Bi Miwani na ovaroli yake ya kazi, uso umekunjamana.

"Mara ya mwisho nilimpa huyu pesa ya ada mkononi," alisema. "Akaenda kununua vitambaa!"

"Vitambaa vya sare!" Mshonaji aliruka kitini. "Au ulitaka mtoto aende shule na ovaroli yako?"

"Kaeni!" Bi Miwani aligonga meza. "Ndiyo maana ada haipitii mkononi mwa mtu. Inalipwa kwenye akaunti ya shule, na kila mzazi anabaki na nakala ya risiti."

Fundi akaangalia barua. Jina la binti yake lilikuwa juu, limeandikwa kwa herufi kubwa. Bi Miwani akamsogezea karatasi ya kuandikia makubaliano.

"Nikisaini hii, nyumba je?"

"Nyumba haimo humu hata kidogo."

Wakaandika: baba atalipa ada ya sasa mara moja, na ya kila muhula ujao kabla haujafunguliwa. Mama atanunua sare na vitabu na kulipa nauli. Mmoja akikwama, atamwarifu mwenzake mapema, kwa maandishi. Mtoto hatatumwa ujumbe wa kesi tena, na atakwenda kwa baba yake kila Jumamosi. Wote wawili wakasaini. Bi Miwani akawaelekeza waipeleke karatasi ile mahakamani, iwekwe kwenye faili la kesi ili iwe na nguvu.

Ijumaa fundi alileta nakala ya risiti kibandani. Aliiweka juu ya meza bila salamu.

"Usidhani nimekusamehe," mshonaji alisema.

"Sikuja kusamehewa. Nimeleta risiti."

Jumatatu binti alirudi darasani.

Talaka ilichukua miezi minane mingine. Waligombania nyumba mpaka siku ya hukumu, na kwenye ngazi za mahakama walipita kama watu wasiojuana. Lakini katika miezi yote hiyo, binti yao hakurudishwa nyumbani hata mara moja.