Plagi ya Msumeno wa Nikodemo

Haya yalimpata fundi Stanslaus, rafiki wa baba yangu, huko Kenyamonta, mwaka wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishwa kwa lazima kwenda vijiji vipya. Mwenyekiti wa kijiji alimwamuru afufue msumeno wa injini wa marehemu Nikodemo, ili ukate nguzo za nyumba ya mjane wake, Robi, aliyekataa kuhamia kijijini. Stanslaus alisafisha kabureta, akanoa kila jino, msumeno ukawaka. Kisha akachomoa plagi inayowasha injini, kwa siri, akaitia mfukoni.

Kabla hakujapambazuka alikwenda kwa Robi. Ndani kulikuwa giza tupu.

“Shikamoo, mama. Msumeno uko stoo ya kijiji, lakini hautawaka. Plagi ninayo.”

“Marahaba. Kwa hiyo wewe ni fundi au mwizi?”

“Leo mwizi.”

Wakasikia vijana wa mwenyekiti wakija kubomoa. Ndipo msumeno uliponguruma nyuma ya nyumba, penye kaburi la Nikodemo. Sauti za vijana zikakatika, kisha miguu ikakimbia.

“Nilisema sihami,” Robi alisema gizani. “Na mwenye nyumba amesema.”

Stanslaus akapeleka mkono mfukoni. Plagi ilikuwamo, na ilikuwa ya moto, kama iliyochomolewa kwenye injini sasa hivi.