Kipengele cha Saba

Kiti kilikuwa kimelowa.

Bwana Mezani alikigusa kwa kiganja, akanusa vidole. Tope la kisima. Akamwita mfagiaji wa ofisi, naye akaapa hajapitisha tambara hapo tangu Ijumaa.

"Halafu bosi, si ulikuwa umekikalia sasa hivi? Nimekusalimu, hukuitikia."

"Mimi ndiyo kwanza naingia."

"Haya," mfagiaji alisema, akaondoka na ndoo yake akitikisa kichwa.

Jina la Mezani alibandikwa na wenzake wa ofisi ya ardhi, na wala hawakumsingizia. Kazi yake ilikuwa kukagua viwanja vya serikali kabla havijakodishwa. Kukagua kunataka miguu, lakini yeye alikagua kwa kalamu, na katika miaka kumi na moja hakuwahi kuchafua kiatu. Wiki iliyopita shirika la mabasi ya umma lilikuwa limeomba kukodi kiwanja kimoja kikubwa cha serikali pembeni mwa mji, penye kisima cha zamani, lipate pa kulaza mabasi mapya. Ombi jema, maana watu walichoka kusimama juani kungoja mabasi. Mkataba ulikuwa wa miaka thelathini na mitatu, umebakiza fomu ya ukaguzi tu. Kipengele cha saba cha fomu hiyo kiliuliza: "Je, eneo lina mkaaji yeyote? Kama yupo, atajwe, atafutiwe mahali pengine pa kukaa."

Mezani aliandika: "Hakuna." Akagonga muhuri, akaenda kula.

Aliporudi alikuta mtu anamsubiri, mrefu, amevaa koti la kijivu linalochuruzika maji, na nje jua lilikuwa la utosi.

"Nimekuja kwa habari ya kipengele cha saba," mtu yule alisema taratibu. "Mimi nakaa pale."

"Pale wapi?"

"Kisimani. Tangu kabla ya serikali yako."

Mezani alicheka. Ofisi za umma hazikosi vichaa. "Njoo kesho, mzee."

Kesho yake akaja. "Njoo kesho." Akaja tena siku ya tatu, na siku hiyo faili lilikuwa limeshasainiwa.

"Umechelewa," Mezani alimwambia bila kuinua macho. "Faili linasema hakuna."

"Na mimi niliyekaa mbele yako?"

"Mzee, likishagongwa muhuri ndiyo kweli yenyewe. Hakuna ni hakuna."

Mgeni alitabasamu, na maji yakamtoka katikati ya meno. "Kumbe ndivyo inavyofanywa. Ahsante kwa kunifundisha." Akaondoka, akaacha dimbwi chini ya kiti.

Sasa ilikuwa Jumatatu, na kilicholowa kilikuwa kiti cha Mezani mwenyewe.

Mchana alikwenda nyumbani kula. Mkewe alikuwa anaosha vyombo. "Umerudi tena? Si umekula sasa hivi ukasema umeshiba?" Sahani ya Mezani ilikuwa mkononi mwake, nyeupe, imeshasuguliwa.

Uani, binti yao wa miaka sita, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa kwanza na wa mwisho, alikuwa anazunguka na baiskeli. Mezani alisimama akiitazama. Mnyororo wa baiskeli ile ulikuwa umekatika miezi miwili nyuma. Kila jioni mtoto aliuleta mkononi, "Baba, baiskeli yangu," na kila jioni alijibiwa kesho.

"Nani kakutengenezea?"

"Wewe," Kitinda alisema. Kisha akamtazama viatu, vikavu, visafi. Akanong'ona, "Yule wewe mwingine. Yule wa maji."

 Usiku huo Mezani hakulala, na asubuhi mlinzi wa ofisi alimfungia geti usoni kana kwamba hapakuwa na mtu. Siku iliyofuata wenzake walikisalimu kiti chake, ambacho yeye alikiona kitupu na kimelowa, wakakichekea, wakakipa mafaili, na alipopiga meza kwa ngumi mmoja wao alisema tu kwamba upepo wa mwaka huu ni mkali. Jioni ile alikimbia nyumbani, akafika na pumzi juu juu, akamkuta yule mtu amekaa kwenye kiti cha baba, amevaa shati lake la bluu, nywele zinadondosha maji kwenye bega, anakata kucha za Kitinda moja moja bila haraka, na mkewe anamtania huyo mume aliyeanza kukaa na mwanawe uzeeni, na Mezani alipiga kelele, akamshika mkewe mkono, akamtikisa, akaangusha sufuria, akagonga kabati, akalia akijitaja kwa jina lake la utoto ambalo mkewe peke yake alilijua, na mwanamke yule akarudi nyuma mpaka ukutani, macho yamemtoka, akiangalia kila mahali isipokuwa pale alipokuwa Mezani.

"Umesikia?" mkewe alinong'ona. "Kuna kitu humu ndani."

"Nimesikia," yule mwingine alijibu kwa sauti ya Mezani. "Tumwite mganga."

Mezani, maskini, alifurahi. Siku tatu alijikunja nyuma ya kabati akimsubiri mganga kama mgonjwa anavyosubiri daktari. Alijiambia, huyu atajua nani mwenye nyumba na nani mvamizi.

Mganga alikuja saa nne asubuhi, mama mfupi mwenye mfuko wa ubani na miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaikalisha familia mkekani. "Mnaishi wangapi?"

"Watatu," mke akajibu. Na kweli walikuwa watatu.

Mganga alinusa hewa, akageuka polepole mpaka akaukabili mlango, pale pale aliposimama Mezani. "Kitu kipo. Nakisikia, ila sikioni. Na mimi sifukuzi kabla sijakagua. Dawa yangu haichagui. Ikimkuta mtu wenu itamtupa naye, na harudi." Akamvuta mtoto karibu. "Mjukuu wangu, macho yako bado masafi. Nyinyi watoto mnaona. Niambie ukweli, pale mlangoni kuna mtu wenu?"

Kitinda alimwona. Mezani alijua kabisa, maana macho yao yalikutana. Akapiga magoti.

"Mwanangu. Mimi ndiye baba yako, sema nipo. Neno moja tu, mama. Nitakutengenezea chochote, nitacheza na wewe, wallahi, kesho nita—"

Neno likamtoka kwa mazoea. Alitamani kulimeza.

Mtoto alitazama nje, baiskeli iliyoegemea ukuta. Akatazama ule mkono wa majimaji uliotulia begani mwake, mkono ambao haukuwahi kumwambia kesho. Alifikiri kidogo, kama baba yake asivyofikiri hata siku moja mbele ya fomu.

"Hakuna," akasema.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Mezani aliambiwa na toka yenyewe, mara saba, kwa moshi na kwa chumvi, mkewe akiitikia kwa machozi ya furaha. Moshi ulimbeba kifuani, ukamtoa mlangoni, ukampitisha juu ya mitaa yote aliyowahi kuikagua kwa kalamu, ukambwaga kisimani, mahali pamoja tu palipokuwa na nafasi wazi. Miguu ilizama topeni hadi vifundoni, ikakataa kung'oka. Kwa mara ya kwanza viatu vyake vilichafuka.

Mabasi yaliingia kiwanjani wiki ile ile, mapya, yananukia rangi. La kwanza liligeuka, likaanza kurudi nyuma kuelekea kisimani. Mezani alipunga mikono, akapayuka mpaka koo likachanika. Kondakta alisimama ubavuni mwa basi, akachungulia vizuri nyuma yake, kwani alikuwa mtu makini na kazi yake, kisha akaligonga bodi kwa kiganja.

"Rudi! Rudi! Rudi tu, dereva, hakuna mtu!"

Nyuma ya lile yalipanga foleni mengine arobaini. Na mkataba wa miaka thelathini na mitatu ulikuwa na siku tatu tu tangu uanze.