Upande Usiopigwa Msasa

Mnada wa vyombo vikuukuu ulifurika watu Jumamosi hiyo, na mikono ya watu wawili ikaishika gramafoni moja kwa pamoja.

"Dada, hii nimeifuata mimi tangu asubuhi."

"Umeifuata polepole, kaka. Nimeshailipia."

Mwanamume alikuwa fundi redio. Mtaani walimwita Santuri, kwani alikusanya gramafoni zilizotengenezwa kwa ajili ya shule: ndefu, zenye magurudumu ya kuzisukuma darasa hadi darasa, na kikabati cha kufuli ili watoto wasichezee santuri. Alikuwa nazo sita, na hii ingekuwa ya saba. Mwanamke alikuwa fundi wa kung'arisha fanicha. Gauni lake la buluu lilikuwa na madoa ya vanishi, na penseli alikuwa ameichomeka sikioni.

"Springi imekatika," Santuri akasema. "Bila mimi hilo ni kabati tu."

"Na bila mimi huna cha kutengeneza." Akacheka, akampa namba ya simu.

Santuri akaichukua springi kwenda kuitengeneza; tangu hapo hakukauka karakanani kwa mwanamke huyo, na simu nazo hazikupoa.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?" mwanamke akauliza.

"Springi imepona, mpenzi. Fundi ndiye haponi."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Siku moja mwanamke akamwita. "Njoo uchukue zawadi yako."

Santuri alifika mbio, akaikuta gramafoni inang'aa kama kioo. Akaukagua ubavu wake, akakuta maandishi yamefutika. Wanafunzi wa zamani walikuwa wamejipima urefu kwenye mbao zake za ubavuni, wakaweka mistari na majina kwa penseli. Hayo hasa ndiyo yaliyomfanya aipende.

"Umefanya nini?"

"Nimetoa uchafu, mpenzi."

"Uchafu? Wale ni watoto! Umefuta darasa zima!"

"Ngoja nikuonyeshe..."

Hakungoja.

Siku nne simu ikanyamaza. Ya tano, shangazi yake Santuri akamkuta amejiinamia, akaelezwa yote. "Ulimwambia unaipenda mistari hiyo?"

"Angejua tu."

"Angejulia wapi, kichwani mwako? Inuka, uende!"

Akaenda. Alimkuta mwanamke ameshika brashi, hamtazami.

"Nisamehe. Nimekugombeza kwa jambo ambalo sikuwahi kukwambia."

Mwanamke akaweka brashi chini, akaizungusha gramafoni taratibu kwa magurudumu yake. Ubavu ulioelekea ukutani ulikuwa haujaguswa. Mistari tisa, majina tisa, na juu kabisa mwandiko wa kitoto: *Nimemfikia mwalimu begani.*

"Nilipofika hapa mkono ulikataa. Nilitaka kukuonyesha, ukatoka kama uliyemwagiwa maji ya moto."

Santuri akacheka kwa aibu, macho yamelowa. Akaupapasa ule ubavu unaong'aa.

"Huu sasa ni mtupu," mwanamke akasema kwa unyonge.

"Uache hivyo hivyo. Nikuoe, na watoto wetu wapate pa kujipimia."

Mwanamke akamsogelea. Kisha akachomoa penseli sikioni, akaitia katika mfuko wa shati la Santuri.

"Usiipoteze," akasema. "Tutaihitaji."