Kazi ya Pili ya Ovari

Mvunamayai hakuwa na uso. Alikuwa na mikono sita myembamba kama sindano za kushonea magunia, na mwaka ule wa 2141, mjini Njombe, ambako vyombo vya kwenda mwezini vilipaa kila juma, hapakuwa na mashine iliyosifiwa kama yeye. Roboti huyo aliingia mwilini kupitia tundu dogo kuliko punje ya mtama, chini ya kitovu, akapita kando ya mfuko wa uzazi, akafuata mrija mpaka ulikoishia, akaikata ovari na kuitoa, kisha ya upande wa pili. Dakika nne tu. Mayai yakahifadhiwa kwenye baridi kali, mbali na mionzi ya anga, na msichana akawa tayari kusafiri.

Daktari Sekela Kilasi, aliyemuunda, alikuwa akimtazama kazini nyuma ya kioo, juu ya msichana aliyelazwa usingizi, wakati Edda Mligo alipoingia akijikongoja kwa magongo mawili.

"Kamwene, Daktari. Hunikumbuki? Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kulala kwenye kile kitanda."

Sekela alimkumbuka msichana mcheshi, bingwa wa mbio. Aliyeketi sasa mbele yake alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na mgongo wa ajuza.

"Nimeolewa," Edda alisema. "Nimekuja mnipandikize yai langu moja. Mfuko wa uzazi si bado ninao?"

Sekela aliitazama picha ya mifupa kwenye kiwambo. Nyonga ilikuwa imetobokatoboka kama sega la nyuki. Mimba ya miezi mitano ingeivunja.

"Mifupa yako haitabeba, mdogo wangu."

"Wananiambia ni anga. Eti huko juu mtu hana uzito, mifupa inalegea. Lakini kaka yangu alikaa mwezini miaka mingi kuliko mimi, na leo anabeba magunia ya viazi. Wanawake niliokwenda nao, wote tuko hivi. Niambie, Daktari. Mliniondolea nini?"

Kwa miaka saba Sekela alikuwa ameliandalia swali hilo jibu laini, lenye maneno mengi. Halikutoka.

"Ovari ina kazi mbili," alisema. "Ya kwanza kila mtu anaijua, kukomaza mayai. Ya pili ni kumimina homoni kwenye damu. Hizo ndizo zinazouandaa mfuko wa uzazi kila mwezi, na ndizo zinazolinda mifupa na moyo. Mashine yangu ya mwanzo ilifyonza mayai tu, ovari ikabaki. Lakini ilihitaji siku kumi na mbili za sindano za kukomaza mayai, na Shirika la Safari likasema chombo hakingoji. Wakataka kiungo chote kitolewe. Nikatia sahihi."

"Bila kuifikiria mifupa yetu?"

"Niliifikiria. Mlipaswa kubandikwa homoni mkononi kwa miaka mingi. Baadaye mtu wa mizigo akavifuta vibandiko kwenye orodha ya dawa ili kupunguza uzito chomboni. Aliviita vipodozi. Barua ilinifikia, nami nikanyamaza. Walikuwa wamenipa tuzo mwezi ule ule."

Edda aligeukia chumba cha upasuaji. Alinyoosha kidole kwenye kioo.

"Na huyo je?"

Sekela akakurupuka, akabonyeza kitufe chekundu. Mvunamayai akaganda. Ovari ya kulia ilikuwa tayari bakulini, ya kushoto ilikuwa bado mahali pake. Sekela akamwamuru afunge jeraha.

"Moja inatosha kwa kazi zote mbili," alisema akihema. "Lakini akiamka atanilaani. Shirika halimchukui mwenye ovari, na ndoto yake yote ni mwezi."

"Akulaani. Ana mifupa ya kusimama na kukulaani." Edda akausukuma mkono wa daktari kuelekea mezani. "Andika yote uliyoniambia. Tia sahihi, kama ulivyotia ile."

Sekela aliandika kurasa mbili. Edda akazisoma neno kwa neno, akazikunja, akazitia kifuani. Kisha akajaribu kuinuka. Gongo likateleza. Sekela akamdaka kwa mikono yote miwili asianguke, akasikia mlio mdogo mkavu chini ya viganja vyake, kama njiti ya kiberiti inapovunjika.

Edda alifumba macho, akavuta pumzi kidogo kidogo.

"Ubavu," alisema. "Wa tatu mwaka huu. Sasa niachilie, Daktari. Polepole."